Usinywe maji katika kila kituo: mpango kama wako ulinilaza siku tatu hospitalini

Futa mpango wako wa maji leo, kabla hujanunua hata chupa moja. Umeandika kwamba zimebaki wiki tano ukimbie marathoni yako ya kwanza, kwamba unasafiri na mwenzi wako, watoto wawili na marafiki watatu, na ukauliza kuhusu viatu, mahali pa kulala, namna ya kujipanga kwenye mstari wa kuanzia na jinsi ya kukutana na familia baada ya kumaliza. Katikati ya maswali hayo umetaja, kana kwamba ni jambo dogo, kuwa utakunywa kikombe kimoja katika kila kituo cha maji, na kuwa marafiki zako watakusubiri na chupa za nyongeza kwenye kilomita ya 10, ya 20, ya 30 na ya 38, kwa sababu mkufunzi wa kikundi chenu amewaambia kwamba ukisikia kiu umeshachelewa. Nimeisoma sentensi hiyo mara tatu. Ndiyo niliyoambiwa mimi, karibu neno kwa neno, nami nikaifuata hadi nikalazwa siku tatu hospitalini, mbili kati ya hizo katika chumba cha wagonjwa mahututi, huku watoto niliowaahidi likizo wakikaa na shangazi yao kwenye benchi la nje.

Waliotangulia kukujibu wameandika kuhusu viatu, na wameandika vizuri. Mimi nitaandika kuhusu maji.

Hiyo nami ilikuwa marathoni yangu ya kwanza. Nilikuwa nimekwisha kukimbia nusu marathoni nne na mbio nyingi za kilomita 10, lakini hii ndiyo ya kwanza ambayo tulisafiri wote: mume wangu, watoto wetu wawili, wifi yangu, na rafiki mmoja ambaye tulianza naye mazoezi siku moja. Safari yenyewe ilikuwa ya furaha. Watoto walichora mabango, wifi yangu akachora ramani ya njia ya mbio na kuweka alama mahali atakaposimama, na usiku wa kuamkia mbio tulikaa pamoja tukipanga nani atabeba nini. Mpango huo niliuandika mimi mwenyewe. Niliuandika kutoka katika karatasi ya kurasa mbili ambayo mkufunzi wetu alitugawia, iliyosema tunywe kabla ya kusikia kiu, tuhakikishe mkojo unabaki mweupe kama maji, na tusipite kituo chochote bila kunywa. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza maagizo hayo yametoka wapi. Mkufunzi huyo alinichukua nilipokuwa siwezi kukimbia dakika tano mfululizo, akanifikisha kwenye saa tatu, na kwa sababu hiyo nilimwamini hata pale ambapo mwili wangu ulikuwa ukisema jambo jingine.

Sasa tazama hesabu, maana ndiyo iliyoniumiza. Vituo vilikuwa 16, na kila kikombe kilikuwa na takriban mililita 200. Hizo ni lita 3.2. Wifi yangu alinipa chupa tatu za nusu lita njiani, na hapo ikawa lita 4.7. Kabla ya kuanza nilikuwa nimekunywa zaidi ya lita moja, tena kwa kujilazimisha, kwa kuwa karatasi iliagiza hivyo. Jumla ilikaribia lita sita. Asubuhi hiyo kulikuwa na baridi na mawingu, nami ni mkimbiaji wa polepole mwenye mwili mdogo. Nilikuwa na kilo 61. Baadaye, nilipojifunza kupima jasho langu, niligundua kwamba katika hali ya hewa ya namna ile natoka jasho la takriban nusu lita kwa saa. Nilikimbia kwa saa 5 na dakika 20. Kwa hiyo nilipoteza lita mbili na nusu au zaidi kidogo, na nikaingiza karibu lita sita. Mtu yeyote anayejua kutoa na kujumlisha angeona hatari hiyo kwenye karatasi, lakini hakuna aliyetuambia kwamba kuna hesabu ya kufanya.

Dalili zilianza kwenye kilomita ya 28. Pete ilinibana kidoleni, mkanda wa saa ukaacha alama kwenye ngozi, na tumbo likawa linatikisika na kutoa sauti ya maji kila nilipokanyaga. Kwenye kilomita ya 30 nilisikia kichefuchefu. Wifi yangu aliponiona aliniambia, "Wifi, mbona uso umevimba?" Hilo ndilo swali bora kuliko yote niliyoulizwa siku hiyo, na nilimjibu kwamba ni uchovu na kwamba bila shaka nimepungukiwa na maji, nikachukua chupa na kuimaliza nikiwa nimesimama mbele yake. Sikuwa na kiu. Nataka usome sentensi hiyo tena: tangu kilomita ya 12 sikuwa na kiu hata kidogo, na bado niliendelea kunywa, kwa kuwa nilifundishwa kwamba kiu ni adui anayefika akiwa amechelewa.

Kuanzia kilomita ya 33 kichwa kiliuma kwa namna ambayo sijawahi kuumwa. Mume wangu, aliyekuwa akinisubiri hapo na watoto, aliniomba niache. Nilikataa. Nilimfikiria John Stephen Akhwari, ambaye mwaka 1968 huko Mexico City alimaliza marathoni ya Olimpiki wa mwisho akiwa na bandeji gotini, na nikajiambia kwamba ikiwa yeye alifika, mimi ni nani nisifike. Nimelifikiria kosa hilo miaka yote hii. Akhwari aliumia goti, na goti linapouma humwachia mtu akili yake ya kupima kama aendelee au asiendelee. Mimi kilichokuwa kikiumia ni ubongo, yaani kiungo kilekile nilichokuwa nikikitegemea kuamua. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi niliyaficha mbele ya watu wanne walionipenda, kwa tabasamu na kidole gumba kilichoinuliwa.

Ipo picha yangu nikivishwa medali. Siikumbuki. Nimeambiwa kwamba nilimwita mwanangu mdogo kwa jina la kaka yake, kwamba nilitapika, na kwamba nilirudia kuuliza tumebakiza kilomita ngapi. Katika hema la huduma ya kwanza, mhudumu mmoja alinitazama, akasema nimeishiwa maji, akanipa chupa. Mume wangu akanishikia kichwa ninywe. Rafiki yangu, aliyekuwa amemaliza kabla yangu, akaenda kuleta nyingine. Kila mtu aliyenizunguka alinipenda, na kila mmoja aliniongezea maji. Muda mfupi baadaye nilipatwa na degedege, na aliyeona macho yangu yakigeuka kabla ya wote ni mwanangu wa kwanza, ambaye wakati huo alikuwa na miaka tisa na bango lake bado mkononi.

Hospitalini daktari wa zamu aliuliza swali ambalo katika hema halikuulizwa: "Amekunywa kiasi gani?" Wifi yangu alitoa ule mpango wetu mfukoni na kumsomea, kituo kwa kituo. Walipima damu, na sodiamu, yaani madini yaliyomo katika chumvi, ilikuwa milimoli 121 kwa lita, wakati kiwango cha kawaida ni kati ya 135 na 145. Uzito wangu kwenye mzani wa kitanda ulikuwa kilo 63.4. Nilikuwa nimekimbia kilomita 42.195 na kuongezeka kilo mbili na zaidi. Kwa bahati yangu daktari huyo alijua anachokitazama, kwa hiyo hakunitundikia dripu ya kawaida kama ya mtu aliyeishiwa maji. Alinipa maji machache yenye chumvi kali, ya asilimia 3, mililita 100, kisha 100 nyingine, akingoja na kupima kati ya dozi hizo.

Nieleze kinachotokea mwilini, kwa sababu nisingeliamini jambo hili kama nisingelielewa. Sodiamu ndiyo inayosawazisha maji kati ya damu na seli. Ukiingiza maji mengi kuliko unayotoa, damu inachujuka, na maji huhama kutoka kwenye damu kuingia ndani ya seli, nazo huvimba. Mkono ukivimba, ngozi inapanuka. Ubongo ukivimba hauna pa kwenda, kwa kuwa fuvu halipanuki, na ndiyo sababu kichwa huuma, mtu huchanganyikiwa, kisha huja degedege, na baada ya hapo kifo. Utauliza kwa nini figo zisitoe maji ya ziada kwa mkojo. Mtu akiwa amepumzika, figo zenye afya huweza kutoa maji mengi kwa saa. Katika mbio ndefu, hata hivyo, mwili unaotaabika, unaoumwa au unaosikia kichefuchefu huendelea kumwaga homoni inayoziamuru figo zizuie maji. Dawa za kutuliza maumivu za jamii ya ibuprofeni zinaweza kuzidisha tatizo hilo, na wengi huzimeza asubuhi ya mbio kana kwamba ni sehemu ya kifungua kinywa. Kama nawe umepanga kumeza, acha.

Usijifariji kwamba utakunywa vinywaji vya wanamichezo badala ya maji. Vinywaji hivyo vina sodiamu chache mno kuliko damu, kwa hiyo ukivinywa kupita kiasi vitaichujua damu vilevile, kwa mwendo wa polepole kidogo. Vidonge vya chumvi navyo havimwokoi mtu anayeendelea kujijaza maji. Mkufunzi wetu alinipigia simu nilipotoka hospitali, akaniambia kwamba pengine nilipungukiwa na chumvi. Niliitupa simu kitandani. Chumvi yangu haikupungua. Maji ndiyo yaliyozidi, na yeye ndiye aliyeniagiza niyanywe. Nina hasira naye hadi leo, na hasira hiyo si ya kosa la kwanza, maana naye alifundishwa na waliomtangulia. Ni kwa kuwa msimu uliofuata aliigawa karatasi ileile, kurasa zile mbili, bila kubadilisha hata mstari mmoja, kwa wanagenzi ambao hawakujua kwamba mwenzao alikaribia kufa kwa kuitii.

Mafundisho hayo yalikuwa na asili yake. Mwaka 1996 Chuo cha Marekani cha Tiba ya Michezo kilitoa mwongozo uliowashauri wanamichezo wanywe kiasi cha kufidia jasho lote wanalopoteza, au kiasi kikubwa kadiri wanavyoweza kuvumilia. Ushauri huo ulienea dunia nzima, ukaingia katika vikundi vya mazoezi, na huko ukarahisishwa hadi ukawa "kunywa tu". Tayari miaka ya 1980 daktari Tim Noakes wa Afrika Kusini alikuwa ameeleza juu ya wanariadha wa mbio ndefu walioanguka kwa kunywa kupita kiasi. Mwaka 2002 mwanamke mmoja alifariki kwa tatizo hili baada ya kukimbia marathoni ya Boston, na katika mbio hizohizo watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 waliomaliza: asilimia 13 walikuwa na sodiamu iliyoshuka kuliko kawaida, na watatu walikuwa katika kiwango cha kutishia uhai. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2005. Waliokuwa hatarini zaidi ni wale walioongezeka uzito njiani na waliotumia zaidi ya saa nne, yaani watu kama mimi, na kama wewe, kwa muda uliosema unatarajia kumaliza. Mkimbiaji wa mbele ni nadra kupatwa na hili. Anapita vituoni kwa kasi na anamaliza kabla sisi hatujafika nusu ya pili. Haile Gebrselassie aliposhinda Dubai mwaka 2009, watafiti waliripoti kwamba alimaliza akiwa amepoteza karibu asilimia 10 ya uzito wake. Sisemi umuige, na jua kali lina hatari zake ambazo ni za kweli. Nasema tu kwamba mwanadamu anaweza kukimbia akiwa amepungua, na kwamba kupungua kilo moja au mbili baada ya marathoni ni jambo la kawaida, ilhali kuongezeka hata nusu kilo ni ishara ya hatari. Mwongozo ule wa 1996 ulirekebishwa mwaka 2007, ukaonya waziwazi dhidi ya kunywa hadi kuongezeka uzito.

Basi kanuni yangu ni moja, na ningependa uiandike kwenye mkono kwa kalamu: kunywa ukisikia kiu, na usimalize ukiwa mzito kuliko ulivyoanza. Kiu inatosha. Ina usahihi kuliko karatasi ya mkufunzi, haihitaji betri, na hufanya kazi kwenye baridi na kwenye joto, kwa sababu siku ya joto itakuita mara nyingi na siku ya baridi itanyamaza. Ikinyamaza, pita kituo. Wapungie mkono wanaogawa maji na uendelee.

Wiki hizi tano zinakutosha kujifunza mwili wako. Kabla ya mazoezi jipime bila nguo, kimbia saa moja kwa mwendo wa mbio zako, jifute jasho, kisha jipime tena. Kila kilo uliyopungua ni sawa na takriban lita moja ya maji. Jumlisha ulichokunywa njiani, toa ulichokojoa, na hapo utajua jasho lako la saa moja. Fanya hivyo siku ya baridi na siku ya joto. Lengo si kuyafidia yote. Ni kuujua mpaka ambao hupaswi kuuvuka hata kama kila mtu pembeni ya barabara anakunyoshea kikombe.

Sasa marafiki zako watatu. Usiwanyime kazi, kwa kuwa kumwona mtu wako kwenye kilomita ya 30 ni jambo kubwa kuliko kinywaji chochote. Wabadilishie kazi. Kila mmoja wao, na mwenzi wako vilevile, ajue kutazama mambo haya: uso au vidole kuvimba, pete kubana, kichefuchefu, kichwa kuuma na kuzidi, maneno kuchanganyika. Akuulize majina ya watoto wako na mko kilomita ya ngapi. Ukijibu vibaya, au ukimjibu kwa ukali usio wako, akutoe barabarani hata kama umebakiza mita 500, na asikuachie wewe uamuzi. Na ukifikishwa kwa wahudumu wa afya ukiwa umechanganyikiwa, neno la kwanza kutoka kinywani mwake liwe kiasi ulichokunywa na uzito wako wa asubuhi. Muandikie uzito huo kwenye karatasi aibebe. Asikubali upewe maji mdomoni wala dripu yoyote ya harakaharaka kabla sodiamu haijapimwa, isipokuwa daktari mwenyewe ameridhika kwamba umeishiwa maji kweli. Wifi yangu hadi leo hajisamehi kwa zile chupa tatu, ingawa nimemwambia mara nyingi kwamba mpango ulikuwa wangu na kwamba ni yeye aliyeniokoa kwa kuuhifadhi mfukoni. Usimwekee rafiki yako mzigo wa namna hiyo.

Umeuliza pia mtakutana wapi baada ya kumaliza. Chagueni mahali karibu na hema la huduma ya kwanza, wala si mbali nalo kwa kuogopa msongamano.

Nilirudi kwenye marathoni miezi 14 baadaye, na watu walewale. Mwanangu wa kwanza hakutaka kuja, nami sikumlazimisha. Alikubali siku moja kabla ya safari, kwa sharti kwamba mzani uende nasi, kwa hiyo tuliupakia kwenye begi katikati ya nguo. Siku hiyo nilikunywa katika vituo vitano kati ya 17, kiasi kisichofika lita moja na nusu. Kwenye kilomita ya 30 wifi yangu alikuwa amesimama mikono mitupu, akanishika vidole kutazama kama pete inazunguka, akaniuliza majina ya wanangu kwa mpangilio wa kuzaliwa. Nilimaliza kwa saa 5 na dakika 2. Mwanangu alikuwa ameuweka mzani chini, pembeni ya mahali tulipokubaliana kukutana, akanisimamisha juu yake kabla hajanikumbatia, akasoma kwa sauti: kilo 59.9. Asubuhi nilikuwa na kilo 61.2.

Watumie marafiki zako watatu maandishi haya leo, kisha uniambie hapa una uzito gani na jasho lako la saa moja ni kiasi gani, nikusaidie kupiga hesabu.